Vyambo vya Taavetti

Chambo cha mti kilielea, kikatikisa mkia mara moja, kisha kikalala ubavu kama samaki aliyekufa. Taavetti alikitoa kwenye pipa la maji ya sauna, bafu lao la mvuke, akakipangusa kwa shati lake na kukigeuzageuza karibu na jicho.

"Kizito upande wa kushoto," alisema, akachukua kisu tena.

"Pumzika kwanza, mzee," mkewe Lempi alimwambia kutoka mlangoni. "Vidole vimekuwa vyeusi kwa baridi."

"Nikipumzika ziwa litaganda."

Ukutani vilining'inia vyambo alivyovikataa. Vyote alivichonga kwa gome la msonobari, virefu kama kiganja, kila kimoja na ulimi wa bati wa kukizamisha kikivutwa, alioukata kwenye kopo la kahawa. Tumboni vilikuwa na ndoana za meno matatu, kubwa kupita kiasi. Hakuna hata kimoja alichokipaka rangi.

Kauppinen, mwenye duka la kijijini, alikuwa ameleta mafuta ya taa. Akakitungua kimoja na kukipima mkononi.

"Mzee, hiki ukikitia rangi, vya kiwandani vitaona haya. Niuzie."

"Si vya samaki."

Kauppinen akacheka. "Vya nini basi? Unavulia wake za watu?"

Hakuna aliyecheka naye. Ndipo alipokumbuka, akavua kofia yake polepole. "Nisamehe, Taavetti. Mdomo wangu huu!"

Kijiji kizima kilijua. Mwaka juzi, asubuhi moja ya Agosti, mashua ya Reijo, mtoto wao wa pekee, ilikutwa imepinduka katikati ya ziwa, kofia yake ikielea kando. Polisi walikokota nanga zao chini ya maji siku nyingi wakimtafuta. Nanga zikanasa kwenye mawe, kamba zikakatika, wakaondoka. Lakini Taavetti hakuondoka. Chuma hulala mwambani, aliwaza, ila mti huzama ukiuvuta, na ukiacha kuuvuta hupanda wenyewe. Kama angepata chambo cha mti kinachozama hadi chini kabisa, kingeyaruka mawe na kushika nguo. Tabu ilikuwa hicho kina. Kila alichochonga kiliishia njiani.

Lempi hakuwahi kumkatisha tamaa. Alifunga ndoana, akapiga makasia, na jioni alimkanda mikono kwa mafuta. Walikosana kwa jambo moja tu. Mchungaji alitaka kuandika jina la Reijo kwenye jiwe la waliopotelea majini, pale uani pa kanisa, na Lempi akakataa katakata.

"Mwanangu haandikwi kwenye jiwe."

"Basi tumwashie hata mshumaa," Taavetti alimsihi.

"Washa wewe."

Watu wakasema ni uchungu wa mama, waachane naye.

Mwishoni mwa Oktoba chambo kipya kilikaa wima ndani ya pipa, na alipokivuta kikapiga mbizi mpaka kikagonga chini. Walitoka nacho kesho yake. Kando ya ufuko barafu nyembamba ilipasuka chini ya mashua kama kioo. Lempi alipiga makasia taratibu, Taavetti akaachia mshipi wa chambo, ukaenda, ukazidi kwenda.

"Kimefika, Lempi! Nahisi tope!"

Walizunguka hivyo hadi mchana. Mara mshipi ukakaza. Taavetti akauvuta, ukaja kidogo kidogo, mzito.

"Acha makasia," alinong'ona. "Si jiwe. Jiwe haliji."

Kitu cheusi kikapanda kutoka gizani, kikafika juu, kikageuka. Lilikuwa gogo bovu lililoota manyasi. Taavetti alilishika kwa mikono miwili, asiliachie, maji ya barafu yakimfika kwenye viwiko.

"Nilimpiga Reijo kwa kasia," alisema. "Mbele za watu. Kwa sababu ya ng'ombe aliyetoroka tu, Lempi. Mtu mzima yule! Nikamwambia nisiuone tena uso wake."

"Najua. Nilikuwepo."

"Watu wanadhani natafuta wa kuzika. Mimi nataka kumwomba msamaha. Hata akiwa mifupa, nitaiomba hiyo mifupa."

Lempi akainama kando yake. Kisha akamwondoa mumewe vidole kwenye gogo, kimoja kimoja, na kugeuza mashua kuelekea nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Taavetti hakushika kisu. Alilala akitazama ukuta, akakataa kahawa, akakataa uji. Daktari alipima moyo wake, akamwita Lempi pembeni na kumwambia amwite yeyote wa kuitwa.

Lempi alivaa koti lake la kanisani, akatembea kwenye theluji ya kwanza hadi kibanda cha simu kando ya duka la Kauppinen. Akavuta mlango nyuma yake na kupiga namba ya ng'ambo, ya Sweden, aliyoijua kwa kichwa.

"Nimenyamaza kama ulivyoniapisha," alisema ilipopokewa. "Lakini baba yako anakufa, Reijo. Anataka kukuomba msamaha."

Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa akilia, na mwanamke akimbembeleza.

"Mwache atafute, mama," Reijo alisema, akakata simu.