Zawadi za Anania

Boazi aliubana mwiko kwa meno, akausugua kwa majani ya msasa mpaka ukang'aa. Mwenye mkono mmoja hujifunza kutumia kila alichobakiwa nacho: nyayo hushika mti, meno hushika mpini, mkono wa kulia unafanya kazi ya miwili. Wa kushoto aliuacha migodini, ng'ambo ya Tunduma, ulikokatwa kwenye kiwiko.

"Wa Krismasi huo?" aliuliza Tabita, mkewe, akichambua maharage mlangoni.

"Wa Krismasi."

"Na mwaka huu pia utasema umetoka kwa Anania?"

Boazi aliugeuza mwiko, akasugua upande wa pili.

Anania alikuwa rafiki yake wa kuchunga naye, wa kubatizwa naye, wa kuvuka mpaka naye kwenda kuchimba shaba. Siku mwamba ulipoporomoka, Anania alikuwa amekwisha kutoka salama. Akarudi ndani kumvuta Boazi. Alimsukuma mpaka penye mwanga, mwamba ukashuka tena, na yeye hakuonekana. Na kwa kuwa alikuwa amejiandikisha kwa jina la binamu yake wa ng'ambo, hakuna barua iliyofika kijijini kwao, Iyula. Habari ile ilibaki kinywani mwa Boazi peke yake.

Naye akashindwa kuitoa. Siku aliporudi, Enesi, mama yake Anania, alimkimbilia njiani, akamshika uso, kisha akachungulia nyuma yake. "Mwenzako yuko wapi?" Boazi akakisikia kinywa chake kikisema, "Anakuja, mama. Wamempa usimamizi, hawataki kumwachia." Akatoa upawa aliouchonga mwenyewe hospitalini, alipokuwa akijifunza kuishi na mkono mmoja. "Amekuletea huu. Jumapili huko anachonga."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Boazi ilirefuka kila Krismasi. Baada ya upawa kikaja kigoda, baada ya kigoda kinu kidogo cha karanga. Na baya zaidi ni hili: kwao kikapu kilicholeta kitu hakirudi kitupu. Enesi alikijaza karanga, ulezi, maharage, akasema, "Mpelekee kwa malori ya Tunduma." Boazi alikuwa akivila, maana kuvitupa aliona ni dhambi juu ya dhambi. Alikula riziki ya mtu aliyekufa kwa ajili yake.

"Mwambie," alisema Tabita. "Mama wa watu hajamlilia mwanawe. Umemnyima hata matanga."

"Leo namwambia."

Na kweli alitoka na nia hiyo. Njia nzima, katikati ya mibuni, aliyapanga maneno na kuyapangua. Alipofika na kusema shikamoo, alijikuta akinyoosha mwiko.

Enesi aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza, akapitisha kidole mpinini taratibu.

"Anania huyu," alisema, "aliyekuwa hawezi kuchonga hata mpini wa jembe."

"Huko wanajifunza mengi, mama."

"Naona. Na hapa je, panya wameonja?"

Boazi akaangalia. Zilikuwa alama za meno yake, msasa haukuzimaliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Labda kwenye lori," alisema.

"Labda," Enesi akaitika, akacheka kidogo, akauosha mwiko na kuanza kusongea ugali papo hapo.

Boazi hakujua pa kuweka macho. Akayapeleka ukutani, kwenye kigingi. Sweta la bluu aliloliacha Anania siku ya kuondoka, ambalo mama yake alilifua kila Krismasi na kulitundika limngoje mwenyewe, halikuwapo. Akadhani limefichwa lisiliwe na nondo. Hakuuliza. Angepata wapi uso wa kuuliza?

"Mama," alianza, "kuna neno."

"Neno halikimbii. Kula kwanza."

Akala. Alipomaliza, neno lilikuwa limezama pamoja na ugali. Enesi akaleta kikapu, akaweka ndani kifurushi cha kitambaa kilichofungwa vizuri.

"Huko aliko mwanangu, baridi ipo?"

"Ipo, mama."

"Kama hii yetu?"

"Kama hii yetu."

"Basi mpe hili. Na mwambie alivae, asiliweke tu."

"Nitampa," alisema Boazi, na wakati huo alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia.

Alitembea mpaka nyumba ikapotea nyuma ya mibuni, akakaa kwenye jiwe. Karanga aliweza kuzila. Nguo ya marehemu angeipeleka wapi? Aliona afadhali airudishe sasa hivi, aseme yote, apigwe, alaaniwe, yaishe. Lakini kwanza alitaka kuliona sweta lile, aombe msamaha mbele yake. Akalifungua fundo kwa meno.

Lilikuwa sweta la bluu, lakini si lile. Nyuzi zilikuwa zile zile, zimefumuliwa zote na kufumwa upya. Boazi alilitandaza magotini. Anania alikuwa mwembamba, na kifua hiki kilikuwa kipana. Akaupima mkono wa kulia kwenye wake, ukafika sawasawa penye kifundo cha mkono.

Wa kushoto uliishia kwenye kiwiko, na mwisho wake ulikuwa umeshonwa ukafungwa.