Pale Tunapowekaga Taa

"Naisha," kilisema kinuru, chembe ya mwanga yenye uhai, ndani ya karabai.

Dafroza alipiga magoti mchangani, ukingoni mwa ziwa. Tangu mafuta ya taa yaadimike Musoma nzima, mtumbwi wa baba yake peke yake ndio uliokuwa ukirudi na dagaa, kwa sababu yeye Dafroza alikuwa amekiokota kinuru hicho kwenye matete, kikitetemeka kama kifaranga kilicholowa, akakiweka ndani ya karabai kiwavute dagaa usiku.

Sasa kilikuwa kimesinyaa kikawa kama punje ya mtama. Kioo kilikuwa baridi.

"Kwani unakulaga nini?" alinong'ona.

"Siku za kuishi. Nilizaliwa na chache, nimezimalizia kwenye nyavu zenu."

Dafroza alitazama nyumbani. Wadogo zake walikuwa wamekaa mlangoni, wamezunguka sufuria tupu. Jua lilikuwa linagusa ziwa, na baba alikuwa anasukuma mtumbwi majini.

"Unaweza kula za mtu?"

Kinuru kilimeremeta mara moja.

"Mimi bado mdogo," alisema. "Zangu ni nyingi."

Akainua kioo, akakichukua kinuru kwa ncha ya kidole, akakimeza.

Kucha zake zikaanza kung'aa, moja baada ya nyingine. Pale miguuni pake, dagaa wakaanza kurukaruka kwenye maji mafupi.

Baba aligeuka. Alimtazama binti yake, halafu akawatazama wale watoto mlangoni. Akavua shati lake, akalikunja vizuri, akalitandika kwenye ubao wa mbele wa mtumbwi.

"Njoo, mama," alisema, macho yake yakiwa majini. "Keti pale tunapowekaga taa."