Boksi la Tatu

"Hivi nyie," jirani wa ghorofa ya chini aliwahi kuuliza, "kila baridi ikikaza mnabeba boksi la viatu mnalipeleka wapi?"

Mama alimjibu kwa mkato kwamba wanapeleka maiti. Jirani akacheka, akidhani ni utani. Leo walikutana tena kwenye ngazi, na mama hakuwa na nguvu hata ya kuitikia salamu. Hili lilikuwa boksi la tatu msimu huo.

Ndani yake, juu ya kipande cha flana kilichobaki kwenye kazi ya mama ya kushona, alikuwamo kalunguyeye, kajikunja kama mpira wa miiba, wa baridi kama jiwe. Walimkuta hivyo alfajiri nyuma ya cherehani, bakuli lake la chakula halijaguswa. Mama alimwekea kioo kidogo puani, akasubiri. Kioo hakikuingia ukungu.

"Kumbe ni hawa?" jirani alichungulia. "Kwetu walikuwa wamejaa tele. Ila baridi ikiingia humwoni hata mmoja. Joto likirudi, hao! Wametapakaa uani. Sijui walikuwa wanaenda wapi."

"Shoga, nipishe nipite."

Binti yake wa miaka minane alimfuata hatua tatu nyuma, mikono kaificha kwapani.

"Nipe mkono tuvuke barabara."

"Nitakushika koti, mama."

Hilo ndilo lililomchoma mama kuliko baridi yenyewe. Mwaka uliopita mtoto alikuwa amemshika baba yake mkono hospitalini, na baba akakata roho mkono ukiwa kiganjani humo humo. Walilia, wakazika, wakaanza kuzoea. Mama akanunua kalunguyeye, angalau nyumba ipate kitu kinachotembeatembea. Mtoto akamwita Brashi, akampaka rangi nyekundu ukucha mmoja wa mguu wa mbele, "ili akipotea tumjue." Baada ya wiki mbili Brashi akakutwa kajikunja, wa baridi. Akaja Kitana. Naye hakumaliza wiki tatu.

Tangu hapo mtoto hakugusa chochote chenye uhai. Hata kumkumbatia mama yake aliacha. "Nisije nikakuua na wewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi.

"Mwanangu, roho ziko mkononi mwa Mungu, si kwenye vidole vyako." Mama alilisema hilo mpaka ulimi ukachoka. Alisali naye jioni, na mtoto akishalala akamwombea peke yake. Wapi! Huyu wa tatu alimlisha mama mwenyewe, siku baada ya siku, mtoto akiangalia kwa mbali. Jana ndiyo kwanza alijipa moyo, akanyoosha kidole kimoja, akamgusa pua.

Na leo ndiyo haya.

Duka la wanyama lilikuwa na joto zuri. Muuzaji alipoliona boksi, akasikitika kabla hata halijafunguliwa.

"Pole, mama. Hamjamzika? Hamjampasua? Vizuri. Niachie, nitamzika mwenyewe kama wale wengine. Shimo ninalo huko nyuma."

Alinyoosha mkono. Mama aliliweka boksi kwenye kaunta bila kuliachia.

"Subiri kwanza. Mwambie mtoto kwamba si kosa lake. Mimi hanisikii, labda wewe mwenye kazi yako atakusikia."

Muuzaji akamtazama mtoto, akatikisa kichwa taratibu.

"Nitakudanganya vipi, mama? Wapo watu mikono yao haipatani na wanyama. Ndivyo walivyoumbwa. Mtoto huyu mchukulie samaki, atamtazama kwenye kioo, basi."

Mtoto akazidi kuikumbatia mikono yake.

Mama alihisi machozi ya hasira yakimlengalenga. "Hapa kwako wanakimbia huku na huku, kwangu wanakufa. Wewe unawapa nini?"

"Mapenzi, mama."

"Na mimi nawapa mawe?"

"Basi, tusigombane mbele ya mtoto. Chukua mwingine, nitakufanyia wepesi. Mpya kabisa, kafika jana, hajakaa kwa mtu."

Alifunua pazia la nyuma. Huko taa kubwa zilikuwa zimeinamishwa juu ya ndoo zilizopangwa ukutani, na joto lake likawafikia mpaka usoni. Alirudi na kalunguyeye kiganjani, macho maangavu, pua ikinusanusa. Akamweka kwenye kaunta. Kisha, mkono wake wa pili ukaanza kulivuta boksi polepole.

Mnyama alitembea moja kwa moja mpaka ukingoni, akamfikia mtoto, akasimamisha mguu wa mbele hewani.

Ukucha mmoja ulikuwa mwekundu. Rangi ilikuwa imebanduka nusu.

"Mama," mtoto alinong'ona. "Brashi."

"Hawa wanafanana sana, mama, usije ukadhani..." Muuzaji akazidi kulivuta boksi.

Mama aliutazama ukucha. Akaziangalia taa na ndoo. Akautazama ule mkono uliokuwa ukivuta boksi.

Akalinyakua. Akafungua vifungo vya koti, akakitoa kile kimpira cha baridi kikiwa ndani ya flana yake, akakitia kifuani kipate joto, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Mtoto akaitoa mikono kwapani. Kwa mmoja akamkumbatia Brashi. Kwa mwingine akaushika mkono wa mama yake, akaukaza, na mama akatoka naye.