Mkia wa Joka

Naapa, hapa sijaongeza hata neno. Mwaka wa hamsini na sita, shuleni kwetu jirani na Kalenga, tulicheza mchezo wa joka. Tulilishona kwa magunia ya mpunga, magamba yake maganda ya mahindi, macho yake vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu. Siku ya mazoezi ng'ombe wa kijiji kizima walipoliona walikata kamba wakakimbia.

Mwenzangu Yotamu akapewa kichwa. Mimi nikapewa mkia.

Jukwaani kichwa kilinguruma, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nimeinama ndani ya gunia, pua kwenye kaptura ya Yotamu, nasikia wanavyolishangilia jina lake. Wivu ukanishika. Vidole vyangu vikapapasa mshono wa katikati, vikaukuta uzi wa katani.

Nikauvuta wote.

Joka likakatika vipande viwili. Nikabaki nimepiga magoti mbele ya wazazi, gunia kiunoni. Yotamu akageuka polepole, akanitazama, akanguruma:

"Nimezaa."

Watu walicheka mpaka benchi likaanguka.

Nyuma ya pazia mwalimu alikuwa ananisubiri. "Fungua mkono, bwana."

Nikafungua. Uzi ulikuwa umejikunja kiganjani.

"Vizuri. Jumamosi tunacheza kule Kilolo. Utazaliwa tena."

"Mwalimu, mtoto lazima aniite," Yotamu akadakia.

"Aanze sasa hivi."

Nikatazama miguu yangu. "Mama."

"Sijasikia, mwanangu."

"Mama."