Kofia Kifuani

Wanaume kumi na mmoja ukutani, na wote kumi na mmoja wameziba kifua, upande wa kushoto, kwa kofia.

"Sasa hawa banalilia nani?" aliuliza Honorine, muuza samaki, kwa sauti yake ya soko. Ukumbi mzima ulimsikia.

Alimasi, mpiga picha, alijifanya kukohoa. Masharti ya maonyesho yalikuwa wazi: kila mtu apigwe picha akiwa na nguo yake mwenyewe ya Jumapili. Zawadi ilikuwa kamera mpya, na Alimasi aliitamani mpaka akaiota, kwa maana ya kwake ilivuja mwanga, alikuwa ameiziba kwa plasta ya dawa. Na pale ukutani, jamani, palikuwa na suti moja tu.

Suti yenyewe aliileta Faustin kila Alhamisi. Faustin alikuwa rafiki wa maneno mengi, mikono yake ikinuka sabuni ya kufulia. Kitambaa cha kijivu, mistari myembamba, ushonaji wa Ulaya. Ila chini ya mfuko wa kifuani, kushoto, lilikaa doa jekundu, kubwa kama yai.

"Iko ya mujomba yangu, marehemu," Faustin alieleza. "Alikuwa sakristani, alitunza altare pa misioni. Ile njo divai ya misa. Lakini samedi asubui unirudishie, sitaki maneno."

Marehemu gani anadai suti yake Jumamosi? Alimasi aliipokea tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Edouard mwembamba alibanwa kwa pini mgongoni, Mukuka mfupi akakunjiwa mikono ya koti kwa ndani, na kila mmoja akapewa kofia ya kuzibia doa. Kusema, hakuna ambaye angesema: kila mmoja alikwisha tuma picha kwao Mitwaba kwamba suti ni yake.

Bwana Lambotte, mkuu wa majaji, alipita polepole. Mvua ilikatika tangu mchana na ukumbi ulikuwa wa moto, lakini koti lake la mvua alilifunga mpaka shingoni. Akafika mwisho, akarudi. Akasimama mbele ya picha ya Edouard, akasimama weee.

"Hii kofia," alisema hatimaye. "Wazo yake nini?"

Alimasi akajibu upesi. "Bwana, muntu akivaa muzuri anaweza kujisahau. Kofia pa moyo inamukumbusha adabu."

Mwalimu Liévin, mmoja wa watazamaji, aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Hata Honorine akasema, "Kumbe." Faustin, aliyekuwa katikati ya watu, aliangalia viatu vyake.

"Wazo muzuri sana," alisema Bwana Lambotte. "Mimi sikufikiri ile."

Kamera ikawa ya Alimasi. Alicheka, akafuta machozi kwa mkono wa shati, akaomba picha ya kwanza iwe ya Bwana mwenyewe.

"Ila koti ya mvua, Bwana, itaharibu picha."

Bwana Lambotte alisita. Akatazama ukutani tena, akafungua vifungo kimoja kimoja, na kabla koti halijamtoka begani alikwisha vua kofia na kuiweka kifuani, upande wa kushoto.

Alimasi aliinua kamera. Kwenye kioo chake aliona mistari myembamba juu ya kijivu, na nyuma kabisa, Faustin akiuendea mlango kinyumenyume.