Karara Lenye Joto

Domitila, mtafiti wa mimea, alikosa kitu kimoja tu cha mti ule wa mwituni wa jamii ya mchikichi: ua. Bila ua, wataalamu wasingekubali kuupa jina kama aina mpya, na mwaka huo mti ulikuwa umetoa karara moja tu, ganda linalofunika maua. Lilipopasuka alfajiri, akainua panga, akalishika kwa mkono wa kushoto. Akashtuka. Lilikuwa na joto, kama paji la mtoto mwenye homa.

"Kata, dada!" alihimiza Eusebio, mwenzake wa safari, amekumbatia magazeti ya kukaushia mimea. "Litanyauka!"

"Njoo uliguse."

Aliligusa, magazeti yakamponyoka. Joto likasambaza harufu tamu, na wadudu weusi wakaanza kumiminika ndani ya maua kama wageni wa harusi. Domitila, aliyezoea kueleza mimea iliyokwisha kukaushwa, hakushusha mkono kulikata. Panga likabaki hewani, hata wadudu wawili wakatua juu yake, wakapumzika.