Gololi Iliyopokewa

Mashavu alikuwa anashona tangu asubuhi bila kumjibu bintiye. Saumu alitaka ruhusa ya kwenda mji wa mbali kusomea ualimu wa fizikia, na begi lake lilikuwa tayari mlangoni.

Alipochoka kungoja, Saumu alilaza rula mbili juu ya meza ya cherehani, akaacha kijia katikati. Akatuliza gololi moja humo, kisha akaisukumia nyingine.

Zikagongana. Iliyokuwa ikija ikasimama papo hapo. Iliyokuwa imetulia ikaondoka.

Mashavu akatoa mguu kwenye pedali. "Hebu rudia."

Saumu akarudia.

"Hii ya kwanza imekufa?"

"Haijafa, mama. Mwendo wake umehamia kwa mwenzake."

Mashavu alifikiri. Mtu akirudi sokoni na kikapu kizito, mtoto wa nyumbani humkimbilia njiani akampokea.

"Yaani imepokewa mzigo," alisema.

Saumu akacheka. Kitabuni hawakusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Naam, mama. Imepokewa."

"Lete nijaribu."

Mashavu alisukuma kwa nguvu. Gololi ya pili ikapita ukingo wa meza, dunia ikaivuta chini, ikadunda sakafuni, ikabiringika kando ya begi na kutoka nje. Saumu akainuka kuifuata.

"Iache iende," alisema Mashavu.

Kidole chake kilikuwa juu ya ile iliyosimama, naye akisikiliza nyingine ikizidi kubiringika barazani.